Msikiti Usio na Kuba Wala Mnara: Ziara Yetu Mjini Dhaka



Wasafiri wengi wa pwani yetu waendao Bangladesh huenda kwa ajili ya Ijtimai ya Tongi, ukingoni mwa mto Turag, kaskazini ya mji wa Dhaka. Humaliza siku zao, wakanunua vitambaa viwili vitatu vya kupelekea watu wa nyumbani, wakarejea. Sisi tulipokuwa huko tulibakiwa na siku mbili kabla ya ndege, na mwenyeji wetu akatushauri tuzuru msikiti mdogo ulioko maili chache tu kutoka hapo, katika mtaa wa Faidabad, eneo la Uttara. Alitueleza mambo mawili: kwamba umejengwa kwa matofali, na kwamba aliyeuchora na kuusimamia ni mwanamke. La kwanza halikutushughulisha. La pili ndilo lililotufanya tuvae viatu.

Dhaka ni mji wa mamilioni ya watu, na katika mwezi wa Januari ukungu huulalia asubuhi hata jua likaonekana kama sinia ya shaba. Tulipanda reksha za miguu, zile zilizopambwa kwa michoro ya maua na ndege, tukapenya baina ya mabasi na mikokoteni. Mwenyeji alicheka aliposikia majina yetu ya vitu. Sisi twasema duka, wao husema dokan. Sabuni kwao ni shaban, kalamu ni kolom, dunia ni duniya, na kaburi ni kobor. Kiarabu na Kiajemi vimepita kwetu na vimepita kwao, na kila upande ukachukua wake.

Tuliposhuka tuliinua macho kutafuta kuba au mnara, kama ilivyo ada ya mgeni, wala hatukuona chochote. Nyumba za ghorofa zilisongamana pande zote, nyaya za umeme zimetanda juu ya vichochoro, na katikati yake limesimama jengo la mraba la matofali mekundu ya kuchoma, lisilopakwa plasta wala rangi. Limeinuliwa juu ya sakafu pana, na mtu hulipandia kwa ngazi. Juu ya sakafu hiyo watoto walikuwa wakikimbizana, na wazee wamekaa wakizungumza huku wakingojea adhana. Mwenzetu mmoja, mtu wa Malindi, alisema papo hapo: "Kumbe wana baraza!"

Naam, ilikuwa baraza. Na kila tulichokiona baada ya hapo kilitokana nayo.

Waqfu wa bibi, kazi ya mjukuu

Msikiti huu unaitwa Bait ur Rouf, yaani nyumba ya Ar-Rauf, Mwenye upole na huruma, jina miongoni mwa majina mazuri ya Mola wetu. Ardhi yake ilikuwa mali ya bibi mmoja, Sufia Khatun. Baada ya maisha ya taabu na kufiwa na watu wake wa karibu, bibi huyo aliitoa sehemu ya ardhi yake uwe msikiti. Ilianza kwa kibanda cha muda ili watu wasikose mahali pa kusali. Kisha bibi akafariki dunia, na kazi ikiwa bado mbichi.

Aliyeichukua kazi ile ni mjukuu wake, Marina Tabassum, msanifu majengo. Alikuwa mchoraji, mchangishaji fedha, msimamizi wa mafundi, na pia mtu wa kujibu maswali ya mtaa kwa niaba ya marehemu. Fedha zilitoka kwa watu wa mtaa na wasamaria wema, zikija kidogo kidogo, kwa hiyo ujenzi nao ulikwenda kidogo kidogo. Ulikamilika mwaka 2012. Miaka minne baadaye, mwaka 2016, msikiti huu wa kichochoroni ukawa miongoni mwa majengo yaliyopewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, ambayo hutolewa kila baada ya miaka mitatu na hutazama majengo ya nchi na jamii za Waislamu.

Tunayataja haya kwa urefu kwa sababu wasomaji wetu wengi ni akina mama, na huenda baadhi yao wakadhani kwamba jambo la kujenga msikiti ni la wanaume, wao kazi yao ni kupika siku ya kumwaga zege. Historia yetu haisemi hivyo. Minbari ya Mtume wetu (s.a.w.) ilichongwa na seremala aliyekuwa mtumishi wa mwanamke wa Kiansari, na ni mwanamke huyo aliyejitolea. Zubayda, mke wa Harun al-Rashid, aliwafikishia mahujaji maji ya Makka. Katika miji yetu wenyewe, Mombasa na Lamu, hawakukosekana wanawake waliotoa nyumba, mashamba na visima vikawa waqfu. Bi Sufia Khatun ameingia katika safu hiyo hiyo ya kale.

Kiwanja kilichopinda na kibla kilichonyooka

Sasa tueleze jengo lenyewe, kwani ndani yake mna akili ya kunufaisha.

Kiwanja si kikubwa. Ni mita mraba 750 hivi, nacho kimekaa kwa kufuata barabara, hakikukaa kwa kuelekea Makka. Shida hii kila fundi wa msikiti wa mjini anaijua. Sisi wa Mombasa tumebahatika: Makka iko karibu sawasawa kaskazini yetu, na mtoto wa chuo hujua kibla kabla ya kujua jedwali la hesabu. Kwa watu wa Dhaka kibla kiko magharibi, na ukuta wa kiwanja kile haukukielekea. Fundi wa kawaida angejenga kwa kufuata barabara, kisha akachora mistari ya mshazari juu ya zulia, waumini wakasali wakiwa wameupa ukuta bega.

Bi Marina alifanya jambo jingine. Nje alijenga mraba unaofuata barabara, ili jengo liwiane na majirani zake. Ndani ya mraba huo akatia ukuta wa duara. Ndani ya duara akaweka mraba mwingine, huo ndio ukumbi wa sala, akauzungusha hadi ukaelekea kibla barabara. Duara halina pembe, kwa hiyo linaukubali mraba wa ndani vyovyote utakavyozungushwa. Mtu akiwa nje yuko pamoja na mtaa, na akiwa ndani yuko pamoja na umma wote kwa mwelekeo mmoja. Pembe zilizobaki baina ya mraba wa nje na duara zikatumika kwa udhu na mahitaji mengine, na nafasi nne zilizobaki baina ya duara na ukumbi zikawa nyua ndogo zilizo wazi juu, za kuleta mwanga na hewa.

Ukumbi wenyewe umebebwa na nguzo nane zilizo pembezoni, hivyo katikati hamna nguzo ya kukata safu. Kuta zina matofali yaliyopangwa kwa kuachwa matundu, na upepo hupita humo. Dari ni ya zege, nayo imetobolewa vishimo vya duara vilivyotawanyika bila ya mpango. Tulisali adhuhuri pale. Ukungu ulikuwa umeondoka, na madoa ya jua yalikuwa yametua juu ya sakafu kama sarafu zilizomwagika. Mwisho wa sala yalikuwa yamesogea. Upande wa kibla hakuna mihrabu ya kuchongwa wala maandishi ya dhahabu. Pana ufa mrefu mwembamba uliosimama ukutani, na nuru huingia kwa kupitia upande, hata anayesali haoni wapita njia.

Kelele za mtaa hazikuzuiwa zote. Tulisikia kengele za reksha na muuza mboga akinadi. Lakini zilitufikia kwa mbali, zimechujwa na matofali, na mtu anaposali huku akisikia muuza mboga hukumbuka kwamba baada ya salamu anarudi kwa watu, na huko pia kuna ibada.

Matofali ya udongo wao

Kwa nini matofali? Kwa sababu Bangladesh ni nchi iliyoumbwa na tope la mito mikubwa, na mawe ni adimu mno. Kilichopo ni udongo, na udongo ukichomwa huwa tofali. Wazee wao walilijua hili zamani. Huko Bagerhat, kusini mwa nchi, upo mji wa misikiti ya karne ya 15 iliyojengwa kwa matofali, na mashuhuri zaidi ni ule uitwao Msikiti wa Kuba Sitini. UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1985. Bi Marina hakuiga kuba zile. Alichukua udongo ule ule na mikono ile ile ya mafundi, akaujengea mtaa wa leo.

Mwenzetu wa Malindi hakuridhika. "Msikiti bila ya mnara," alisema, "mgeni ataujuaje?" Hoja yake si ya kupuuzwa. Mnara ni alama, na alama ya dini ina heshima yake; hatuna neno na wanaoipenda. Lakini tulimkumbusha kuwa msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina ulikuwa wa matofali mabichi, nguzo zake magogo ya mitende na paa lake makuti, na mvua ikinyesha ulivuja. Haukuwa na mnara. Bilal alikuwa akiadhini alfajiri juu ya nyumba ya mwanamke wa Bani Najjar, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ndefu kuliko zote zilizouzunguka msikiti. Minara ya Madina iliongezwa baadaye, zama za Bani Umayya. Nyumba ya jirani, tena nyumba ya mwanamke, ilitimiza kazi ya mnara. Na pembezoni mwa msikiti ule palikuwa na Suffa, kivuli walichokaa maskini wasio na pa kwenda. Tangu siku ya kwanza msikiti uliishi na mtaa wake.

Tulichokuwa nacho sisi

Tukiwa katika ndege, mazungumzo yetu yote yalikuwa ya kwetu.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na matofali; walikuwa na matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Walijenga kuta nene zinazokaa baridi mchana kutwa. Upana wa chumba ulikwenda kwa urefu wa boriti, mita tatu kasoro, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Mlangoni palikuwa na daka lenye baraza pande mbili, mgeni akakaa, mwenye nyumba akatoka, na heshima ya ndani haikuguswa. Juu ya baadhi ya vichochoro zilipita wikio, zile nyumba za daraja ziunganishazo ghorofa mbili, na akina mama wakazuriana bila ya kushuka njiani. Ulikuwa ni usanifu uliomjua jirani na uliomjua mwanamke. Mji wa kale wa Lamu uliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 kwa sababu hiyo: watu bado wanaishi ndani yake kama ulivyokusudiwa.

Misikiti yetu mingi ya zamani nayo haikuwa na minara. Muadhini alipanda ngazi hadi juu ya dari. Ilikuwa mifupi, yenye milango mingi, kisima na birika mlangoni, mawe ya kusugulia miguu, na baraza ya nje.

Sasa tuwaambie kisa cha msikiti mmoja wa pwani yetu, ambao hatutautaja. Ulikuwa wa kale na mdogo, na waumini walikuwa wamezidi hata Ijumaa watu wakasali juani. Kuupanua kulikuwa ni haki. Ulivunjwa, ukajengwa mwingine wa ghorofa: vigae vya kung'aa, madirisha ya vioo yasiyofunguka, viyoyozi, kuba ya kijani na geti la chuma. Tunawaombea malipo mema waliotoa mali zao. Lakini baraza iliondolewa, kwa hoja kwamba vijana walikaa pale wakazembea. Na usiku mmoja wa tarawehe umeme ulipokatika, joto likapanda kwa dakika chache, safu zikavunjika, watu wakatoka kusali uwanjani. Kuta zile hazikuwa na tundu la kupitisha upepo wa bahari, na bahari iko hatua mia mbili tu.

La baraza ndilo lililotuuma zaidi. Alikuwapo mzee mmoja asiyeona, aliyezoea kukaa pale baina ya magharibi na isha. Vijana wale wale walioambiwa wazembe ndio waliomsomea barua za watoto wake na kumshika mkono kumrudisha nyumbani. Baada ya magharibi sasa geti hufungwa hadi karibu na isha. Mzee hurudi kwake mapema, na isha husali peke yake, kwani hana wa kumleta gizani. Vijana nao hawakuacha kukaa. Wamehamia kando ya duka la miraa. Tuliondoa jiwe la kukalia, tukamtenga mzee na jamaa, tukawatenga vijana na mzee.

Na upande wa wanawake? Walipewa chumba cha nyuma cha ghorofa ya juu, kinachofikiwa kwa ngazi nyembamba ya chuma. Mama mwenye mimba haipandi, na bibi mwenye magoti mabovu haipandi. Kisha tukasema wanawake hawapendi darsa.

Tuseme ukweli kuhusu Dhaka pia: katika nchi ile si ada iliyoenea kwa wanawake kuhudhuria jamaa msikitini. Kwa hivyo nchi ambayo bibi alitoa ardhi na mjukuu wake akasimamisha nguzo, nayo ina deni la kuwafikiria wanawake, kama tulivyo sisi. Hatukwenda kutafuta mji mkamilifu. Tulikwenda tukaona kwamba swali hili laulizika, na kwamba jibu lake huanza katika mchoro, kabla ya jiwe la kwanza.

Nyumba ndogo ya mianzi

Mwenyeji wetu alitueleza kazi nyingine ya Bi Marina, nasi tunaitaja kwa ufupi. Katika mito ya Bangladesh kuna visiwa vya mchanga ambavyo maji huvijenga mwaka huu na kuvila mwaka ujao. Maskini huishi juu yake kwa kukosa pengine. Amewabunia nyumba iitwayo Khudi Bari, maana yake nyumba ndogo: nguzo za mianzi zinazoshikanishwa kwa viungo vya chuma, yenye ghorofa moja ya juu ya kukimbilia mafuriko yajapo. Mto ukianza kula kisiwa, wenyewe huifungua, wakaihamisha na kuisimamisha pengine. Gharama yake ni dola mia chache. Nyumba hizo nazo zilipata Tuzo ya Aga Khan, mwaka 2025. Sisi tunaoona Tana ikifurika na watu wakipoteza kila kitu kwa usiku mmoja tuna la kujifunza hapo.

Maswali ya kuiuliza kamati

Wengi wenu hamtajenga msikiti mzima katika maisha yenu. Lakini kila mmoja wenu huombwa mchango, na mwenye kuchangia ana haki ya kuuliza kwa adabu. Tunashauri kila familia, kabla ya kutoa bahasha, ikae jioni moja na kuyatafakari haya, kisha mume, mke au kijana ayafikishe kwa kamati.

Kwanza: umeme ukikatika usiku wa Ramadhani, hewa itaingia wapi? Pili: mwanamke mzee, au mwenye mtoto mgongoni, atapita mlango gani, na atasikia hotuba vipi? Tatu: mtu asiye na pa kukaa baina ya sala mbili ataketi wapi, na mtoto atacheza wapi bila ya kufukuzwa? Nne: mafundi na mawe yatatoka wapi; je, fedha ya mtaa itazunguka mtaani, au yote itakwenda kununua vioo vya mbali? Tano: jengo hili likikamilika, bili zake za kila mwezi zitalipwa na nani miaka ishirini ijayo?

Maswali hayo hayana uasi ndani yake. Mwenye kuyauliza anailinda sadaka yake iendelee kuzaa, kwani waqfu usiokalika huzaa kidogo. Na kama katika familia yenu yumo binti mwenye mkono wa kuchora na kichwa cha hesabu, msimwambie kwamba ujenzi si kazi ya wanawake. Mpelekeni akasome. Huenda akawa ndiye atakayemrudishia mzee yule baraza yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Sufia Khatun na waja wema wote waliotoa ardhi zao kwa ajili Yake, azijalie nyumba Zake katika miji yetu ziwe na milango mipana, na atupe sisi na nyinyi tawfiki ya kujenga kwa hekima. Aamin.